Watu Kumi na Tisa wa Mtaa wa Chini

Kila siku ya shule, mnamo saa tisa na nusu alasiri, Murielle alivuka barabara kwenye roboti ya pili, yaani taa za kuongozea magari, akapita mbele ya saluni ambamo mama yake alisuka nywele, akampungia mkono, kisha akapanda mlima mdogo wa Bellevue hadi nyumbani. Nyumba yao ilikuwa kubwa na kuukuu. Zamani iliishi familia moja tu humo, lakini sasa ilikuwa imegawanywa vyumba tisa, na kila chumba kilikuwa na watu wake na sufuria zake. Murielle alivua viatu, akafua kola ya shati la shule, akanawa mikono kwa sabuni, halafu akagonga mlango wa chumba cha mwisho, kile kilichotazama uani.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Bibi. Nimekuja kukutilia dawa."

Bibi Reme alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili. Jina lake kamili lilikuwa Remedios, naye alikuwa Mfilipino. Alipokuwa kijana alikwenda Tanga kufanya kazi ya uuguzi, akaolewa huko na Mahmoud, fundi wa saa, na baadaye wakahamia Johannesburg pamoja. Mzee Mahmoud alikuwa amekwisha kufariki, na hawakujaliwa mtoto. Kwa hiyo mwanamke huyu aliyezaliwa mbali kuliko watu wote wa nyumba ile ndiye aliyezungumza Kiswahili kizuri kuwashinda wote. Wazazi wa Murielle walitoka Bukavu. Mwanzoni baba yake, Firmin, alicheka sana kumsikia binti yake akisema "Bibi yangu ananiita," kwa sababu kwao Bukavu bibi ni mke wa mtu. Lakini jina lilikwisha kushika.

Bibi Reme alikuwa na presha ya macho. Alihitaji tone moja katika kila jicho, mara moja kwa siku, na mikono yake ilitetemeka mno hata asiweze kujitilia mwenyewe. Kazi hiyo ilikuwa ya Murielle. Baba alilinda maghala Midrand, akitoka kabla ya jua kuchomoza. Mama Clémentine alirudi kutoka saluni jioni akiwa hoi, na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile kila siku: "Umemwona Bibi? Hajambo?" Murielle akijibu kuwa hajambo, Mama alishusha pumzi na kuanza kupika. Majirani nao walitulia. Kila mtu alijua kwamba Bibi ana Murielle.

Mwezi wa tano, Mwalimu Nkabinde aliwapa wanafunzi wa darasa la saba kazi ya historia. Kila mmoja aandike kuhusu mtu aliyepigania nchi yake kwa silaha kisha akawa kiongozi wa watu.

"Sitaki mtu aliyemo kitabuni," Mwalimu alisema. "Nendeni mkawaulize wazee wenu. Insha iliyo bora itapata cheti na kusomwa ukumbini Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mbele ya wazazi."

Murielle alijua mara moja atamwuliza nani. Alasiri ile, alipokwisha kutia dawa, alikaa kwenye mkeka na daftari lake.

"Bibi, wewe ulisema babu yako alikuwa mpiganaji."

Bibi Reme alijifuta machozi ya dawa. "Lolo Anacleto," alisema. Lolo kwa lugha yao ni babu. "Nilikuwa na miaka tisa alipofariki. Yote nitakayokuambia aliniambia mwenyewe, nami nitakuambia kama alivyoniambia."

Masimulizi yalichukua siku nne. Anacleto alikuwa fundi wa mikokoteni katika mji mdogo kusini mwa Manila. Wakati huo Wahispania ndio waliotawala. Alipotimiza miaka ishirini na mmoja alijiunga na chama cha siri, akajikata mkono na kutia sahihi kwa damu yake. Alipigana na Wahispania kwa panga kabla hajapata bunduki. Wahispania walipoondoka, wakaja Wamarekani, naye akapigana nao pia. Alipoteza vidole viwili na kaka yake wa pekee. Miaka miwili aliishi milimani akila mizizi, mpaka siku moja akawatazama watu wake, akaona hawana nguvu hata ya kusimama. Akashuka nao, akasalimisha silaha, akala kiapo cha kuwatii Wamarekani.

"Alilia?" Murielle aliuliza.

"Alisema hakulia. Mimi sikumwamini."

Watu wa mji walimpenda kwa ushujaa wake, wakamchagua kuwa mkuu wa mji chini ya serikali mpya. Hakuwa hata amezoea kukaa kwenye kiti kile cha ofisi, kipindupindu kikaingia. Ilikuwa mwaka 1902. Amri ilitoka juu kwamba nyumba yoyote yenye mgonjwa ichomwe moto, na watu wake wapelekwe kukaa kwenye mahema nje ya mji. Nyumba zenyewe zilikuwa za mianzi na majani ya mnazi. Anacleto alitia sahihi, na nyumba kumi na moja zikateketezwa huku wenyewe wakitazama.

Hapo Bibi Reme alishusha sauti.

"Kisha akaugua Consolación, binti yake. Alikuwa na miaka sita. Lolo alifunga mlango. Mkaguzi wa afya alipokuja kuuliza, alimwambia mtoto amekwenda kwa shangazi yake. Kila alfajiri yeye na mkewe walifua nguo za mtoto kijitoni, na watu wa mtaa wa chini walichota maji ya kunywa katika kijito hicho hicho. Siku ya tatu Consolación alifariki. Wiki iliyofuata mtaa wa chini ulianza kuugua. Walikufa watu kumi na tisa, Murielle. Lolo alijua majina ya wote. Aliniambia mimi, mtoto mdogo, jina baada ya jina."

"Na watu walimgundua?"

"Hakuna aliyemgundua. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe. Angeweza kunyamaza mpaka kufa. Jumapili moja alisimama mlangoni mwa kanisa, akawaambia yote. Akaichoma nyumba yake kwa mkono wake, akaacha ukuu wa mji. Walimtemea mate. Alihamia mtaa wa chini, akaanza kuwachimbia visima. Hakulipwa, na wengi hawakumsalimu. Alichimba miaka saba. Mwaka wa nane watu wale wale wakamchagua kuingia katika baraza la mji, naye akakubali kwa sharti moja, asimamie maji tu. Aliifanya kazi hiyo mpaka uzeeni. Mimi nilikuwa nikitembea naye kukagua vifuniko vya visima."

Murielle aliandika kila neno. Lakini jioni, alipokaa kuandika insha yenyewe, kalamu ilikwama alipofika kwenye kipindupindu. Aliyakumbuka maneno ya Pitchou, mvulana wa darasani ambaye naye wazazi wake walitoka Kongo lakini alijifanya hajui. Siku moja Murielle alipoitaja Bukavu, Pitchou alisema kwa sauti, "Watu wa huko wanajua kukimbia tu," na darasa zima likacheka. Sasa yeye asimame ukumbini aseme kwamba shujaa wake, mgeni kutoka nchi wasiyoijua hata kwenye ramani, alidanganya na kuua watu kumi na tisa? Wangecheka mpaka Krismasi.

Basi aliandika hivi: "Kipindupindu kilipoingia mjini, Anacleto aliichoma nyumba yake mwenyewe kabla ya nyumba ya mtu mwingine yeyote, ili raia wafuate mfano wake." Consolación hakumtaja. Mtaa wa chini hakuutaja. Aliisoma tena sentensi ile, akaiona inapendeza.

Mwalimu Nkabinde naye aliipenda. Jumatatu ya wiki ya mwisho alimwita Murielle mezani pake.

"Insha yako ndiyo itakayosomwa Ijumaa. Umeandika kama ulivyosimuliwa?"

"Ndiyo, Mwalimu," Murielle alijibu, na uso ukamwaka moto.

Alasiri ile Bibi Reme alikuwa akikohoa kidogo, lakini habari ilimfurahisha hata akasahau kukohoa. "Nisomee," alisema. "Kaa hapa karibu, unisomee yote."

Murielle alisoma. Insha ilikuwa ya Kiingereza, na Bibi Reme alikijua vizuri. Alitabasamu kwenye panga, akatikisa kichwa kwenye kifo cha kaka. Murielle alipofika kwenye moto, alisoma haraka haraka.

"Rudia hapo," Bibi alisema.

Murielle alirudia.

"Na Consolación yuko wapi?"

Murielle alilifunga daftari.

"Na wale kumi na tisa?"

"Bibi, wangemcheka! Wasingeyaona mema yake. Nilitaka wamheshimu tu."

Bibi Reme aligeuza uso ukutani. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomwumiza Murielle zaidi. "Yule mtoto alizikwa chini ya jiko bila hata msalaba, kwa sababu ya kufichwa," alisema. "Lolo alitumia miaka arobaini kumtoa kwenye maficho yale. Wewe umemrudisha kwa kalamu moja. Nenda, mwanangu. Leo nimechoka."

Murielle alitoka na daftari lake kifuani. Aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Si yeye ndiye aliyefanya kazi yote ile? Jumanne alipotoka shule hakugonga mlango wa chumba cha mwisho. Alijiambia kwamba Bibi bado amemkasirikia, na tone moja la dawa haliwezi kumaliza macho.

Jioni Mama aliuliza, "Umemwona Bibi? Hajambo?"

"Hajambo," Murielle alisema.

Jumatano aliukuta ule mlango kimya, akapita. Jioni Mama alipouliza, jibu lilitoka jepesi kuliko la jana. "Hajambo, Mama. Amelala mapema." Mama akashusha pumzi, akaanza kupika.

Alhamisi, Murielle akiwa anafua kola yake, alisikia sauti kutoka chumba cha mwisho. Haikuwa kikohozi. Ilikuwa kama mtu anayekokota kitu kizito, akapumzika, akakokota tena. Alisimama akisikiliza, huku maji yakimwagika bombani, mpaka alipotambua kwamba ile ni pumzi ya mtu.

Alikimbia, akafungua mlango. Bibi Reme alikuwa kitandani na nguo za Jumatatu. Midomo ilikuwa imepasuka, paji la uso likiwaka moto, na kikombe kilikuwa kimeanguka sakafuni mahali ambapo mkono wake haukufika.

"Bibi! Bibi, ni mimi!"

Macho yalifunguka kidogo. "Maji," alisema.

Murielle alimpa maji kidogo kidogo kwa kijiko, kisha akakimbia bila viatu hadi saluni. Mama Clémentine alimwacha mteja na nywele nusu, wakarudi wakikimbia. Jirani yao Salum, kijana wa Tanga aliyeuza simu na ambaye alikuwa na gari, alimbeba Bibi mikononi kama mtoto mchanga. Walifika hospitali ya serikali kabla jua halijatua.

Muuguzi wa zamu alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani. Alimwekea Bibi hewa ya oksijeni, akachukua kalamu na fomu.

"Mara ya mwisho kuonekana mzima ni lini?"

"Jana," Mama alisema upesi. "Binti yangu humwona kila siku. Jana alikuwa mzima, amelala mapema tu. Si ndiyo, Murielle?"

Muuguzi alianza kuandika. Murielle alitazama kalamu ikigusa karatasi. Hakuna aliyejua. Angeweza kunyamaza, na fomu ingejazwa, na mambo yangekwisha hapo. Kisha alisikia tena ile pumzi nyuma ya pazia, ikikokota.

"Hapana," alisema.

Mama aligeuka.

"Sikumwona jana. Wala juzi. Nilikudanganya, Mama. Mara ya mwisho nilimwona Jumatatu, na alikuwa akikohoa."

Kalamu ya muuguzi ilisimama. "Anakohoa tangu Jumatatu? Siku tatu?"

"Ndiyo. Na nadhani hajala. Sufuria yake ilikuwa kavu."

Muuguzi alifuta alichoandika, akamwita daktari kwa sauti. "Si ya jana hii," alimwambia. "Ni siku tatu, bila chakula wala maji ya kutosha." Daktari alibadilisha maagizo palepale. Muuguzi alipopita tena alimgusa Murielle begani. "Umefanya vizuri kusema. Tungeanza mahali pasipofaa."

Ndani ya gari la Salum, Mama Clémentine alitazama nje njia nzima. Murielle alitamani agombezwe, hata apigwe, kuliko kukaa kando ya kimya kile.

Ijumaa asubuhi, kabla kengele haijagongwa, Murielle alisimama mbele ya meza ya Mwalimu Nkabinde.

"Mwalimu, insha yangu ina uongo. Uliponiuliza, nilikudanganya." Akaeleza yote, kuanzia kijito hadi fomu ya hospitali, akilia na kujifuta kwa mkono wa sweta.

"Cheti nitampa Exaucé, aliyekuwa wa pili," Mwalimu alisema. "Hilo unalielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Lakini huyo mzee alistahili kusimuliwa sawasawa. Una muda wa saa nne kabla ya wazazi kufika. Kaa nyuma ya darasa, uiandike upya. Utasoma wa mwisho, nje ya mashindano."

Murielle aliandika mpaka vidole vikamwuma. Ukumbini, Exaucé alisoma habari za babu wa babu yake na kupigiwa makofi mengi. Kisha Murielle akasimama. Baba Firmin alikuwa ameomba ruhusa kazini, akakaa safu ya nyuma na sare yake ya ulinzi. Mama alikuwa kando yake.

Alisoma yote. Alisoma mlango uliofungwa, na nguo zilizofuliwa, na mtoto aliyezikwa chini ya jiko. Alisoma watu kumi na tisa wa mtaa wa chini. Pitchou alitoa kicheko kifupi safu ya tatu, lakini hakuna aliyemfuata, naye akainamisha kichwa. Murielle alipofika mahali mtu yule aliposimama mlangoni mwa kanisa, bibi mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani alikuwa akifuta macho. Alipomaliza hawakupiga makofi mara moja. Walipopiga, hawakupiga kwa kelele.

Jumamosi waliruhusiwa kumwona Bibi Reme. Alikuwa amesinyaa kitandani, na mrija wa oksijeni puani, lakini alimjua Murielle kwa hatua zake.

"Bibi, nisamehe. Sikuja siku mbili nzima, nikamwambia Mama kuwa nimekuja."

Bibi alitafuta mkono wake juu ya shuka. "Nilikungoja," alisema. Neno hilo halikuwa lawama, wala hakulifuta. Baadaye akasema, "Nimekwisha kukusamehe. Soma."

Murielle alisoma polepole, akitafsiri kwa Kiswahili ili Mama naye asikie. Bibi alisikiliza macho yamefumbwa. Mara moja tu alimkatiza. "Hakuhamia mtaa wa chini mwezi uleule. Ni baada ya mavuno. Sahihisha." Murielle alisahihisha kwa penseli. Alipofika mwisho, Bibi alikuwa akilia bila sauti.

"Ndiye huyo," alisema. "Sasa ndiye."

Alifariki Jumanne alfajiri. Walimzika siku tatu baadaye, watu wachache: majirani wa nyumba ile, Salum na mkewe, wanawake wawili wa kanisani, na Mwalimu Nkabinde aliyesimama mbali kidogo akiwa ameshika mkoba wake. Upepo wa mwezi wa sita ulikuwa mkali, na vumbi la makaburini liliwaingia machoni.

Walipotoka huko, Mama Clémentine alimwita Murielle wakakipange chumba cha mwisho. Walikunja nguo, zilikuwa chache. Waliosha birika. Murielle alikuwa na swali lililomkaa kifuani tangu Alhamisi ile, na sasa hakuweza tena kulizuia.

"Mama, kama ningeingia Jumanne, Bibi angepona?"

Mama aliweka chini nguo aliyokuwa ameishika, akaketi kitandani. "Sijui," alisema. "Daktari anasema mapafu yalikuwa na maji na moyo ulikuwa umechoka siku nyingi. Labda angepona, labda asingepona. Siwezi kukuambia kwamba haikuwa kitu, ili tu ulale vizuri. Hapo na mimi nitakuwa nimekudanganya."

Murielle alianza kulia.

"Nisikilize," Mama alisema, akimvuta karibu. "Kosa si lako peke yako. Chumba hiki kiko hatua kumi kutoka jikoni kwetu. Ningeweza kugonga mwenyewe, lakini nilitosheka na kukuuliza. Hilo nitalibeba mimi. Lako ni hili: ulimwonea Bibi aibu, ukaificha aibu hiyo kwa uongo mmoja, na uongo ule ukamfungia mlango. Watu wanakosea, mwanangu. Hata yule shujaa wenu alikosea, tena kosa kubwa. Lakini kosa lililosemwa, watu wanaweza kulishughulikia. Lililofichwa linaendelea kufanya kazi huko lilikofichwa, na mwenye kuumia mara nyingi si yule aliyeficha. Siku nyingine ukikosea, njoo uniambie siku hiyo hiyo. Nitakasirika, ndiyo. Lakini hasira yangu itakwisha kabla chakula hakijaiva."

"Ndiyo, Mama."

"Na pale hospitalini, mbele ya watu, ulisema. Hakuna aliyekulazimisha. Hilo nalo nililiona, sikukuambia tu."

Murielle aliegemeza kichwa begani kwa mama yake, akalia kwa sauti. Mama hakumnyamazisha. Alimwacha alie mpaka alipotosheka, kisha wote wawili wakainuka, wakachukua ufagio na ndoo, wakaanza kukifagia chumba kuanzia upande wa dirishani.